Mioto Miwili

Katika kitabu changu cha nyota kuna picha ya galaksi ya duaradufu, laini kama yai, na pembeni galaksi ndogo chache za kundi lake. Nyota zake ni nyingi hata huwezi kuitenga moja. Kila nikiitazama, nasikia harufu ya matete yanayoungua.

Jioni ile upepo ulivuruga Ziwa Mweru na baba alikuwa bado majini. Mama aliwasha mioto miwili, mmoja nyuma ya mwingine, kama ilivyo desturi ya kijiji chetu, Kabuta: mvuvi akiiona imekaa mstari mmoja, amepata njia kati ya matete. Majirani wakaja mbio na mienge.

“Bamama, tumeleta moto!”

“Muzime! Ataona njia namna gani?”

“Giza ni mingi, mama. Acha tumusaidie.”

Upepo ulimeza sauti ya mama, na mienge ikazidi kuja. Taa ya baba ilikuwa mbali, ndogo. Ilikwenda kushoto, ikarudi kulia, ikitafuta mioto miwili ndani ya mwanga mmoja mkubwa, mpaka ilipozimika. Nyuma yetu kijiji kizima kiliendelea kumwashia.