Mlango Uliobonyea

Itangazwe Nebraska nzima, kwa waumini na walevi: mume wa Verlene ameanza kulifungua lori kuukuu walilorithi, kipande kwa kipande, ili alitengeneze. Hufungua nati kama anayemvua viatu mtoto aliyelala. Ikigoma huipaka mafuta na kuibembeleza, "Haya mama, taratibu," maneno ambayo Verlene hajayasikia tangu fungate. Kisha huiweka kwenye trei ya mkewe ya kuokea vikeki, kila nati na kishimo chake, akipiga mluzi wimbo wa kanisani asioumaliza kamwe. Jirani yao Duane huleta kiti, bia na ushauri. "Bwana we, kwa matundu haya ya kutu, hili ni lori au chujio la chai?"

Leo mlango umetoka. Umebonyea katikati tangu Verlene alipougongesha akifundishwa kuendesha na marehemu baba yake, mwenye lori, naye mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Nyundo hii hapa, unyooshe," Duane akasema. Verlene, aliyebakiwa na alama hiyo tu ya kicheko kile, akabana pumzi. Mumewe akapapasa pale palipobonyea kwa kidole gumba, polepole, akaitundika nyundo ukutani.

"Hupanyooshi?" Verlene akauliza.

"Mlango bado unafungika," mumewe akasema.