Pampu Imekufa

Fundi wa gereji iliyo mkabala na kibanda changu cha viatu hapa Kimumu hapimi kitu. Anagonga. Gari lolote likija, anachukua spana namba kumi na saba, anagonga pampu ya mafuta mara tatu, anainamisha kichwa kama daktari, kisha anatangaza, "Pampu imekufa." Mikono yake ni safi ajabu, kazi yote hufanywa na mdomo. Mwezi huu aliletewa injini ya boti, ingawa ziwa pekee analolijua ni ile senta iitwayo Ziwa, na huko kuna mahindi tu. Akagonga. Pampu imekufa. Akafunga mpya, nayo ikanyamaza, akasema hiyo ni feki, akairudisha ile ya kwanza. Kwa wiki tatu boti ya mwenye injini hiyo, Mama Musimbi, ililala ufuoni huko ziwani, na wagonjwa wa kisiwani wakakosa wa kuwavusha.

Jana mama mwenyewe alifika. Aliisikiza hotuba yote huku akiangalia shingo ya fundi, ambako funguo zake zilining'inia kwenye kamba nyekundu ya plastiki.

"Hiyo kamba umetoa wapi?"

"Ilikuwa kwa injini, Mama. Nikadhani ni ya urembo tu."

Mama Musimbi akamvua kamba hiyo, akaichomeka kando ya swichi, mahali ambapo bila kamba hiyo injini haipati umeme kabisa. Akawasha. Pampu iliyokufa ikanguruma.

Fundi akatugeukia sote tuliokusanyika kutazama, kifua mbele. "Mmeona? Nimeifufua."