Mpelelezi Asistaafu

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vitabu mjini Thika, akaingia shosho mmoja, bibi mwenye mvi tupu.

“Kile kitabu kipya cha yule mpelelezi mlevi kimefika?”

Muuzaji akampa. Shosho akalipapasa jalada polepole, macho yake yakiwa mbali.

“Mzee wangu ni mgonjwa na haoni tena. Mimi ndiye humsomea kila jioni. Ameapa hatakufa kabla huyu mpelelezi hajastaafu.” Akauliza kwa sauti ya chini, “Humu anastaafu?”

“Hapana, shosho. Nasikia kuna kingine kinaandikwa.”

Akakikumbatia kitabu, akatoka akitembea kama mtu anayeota.

Tangu siku hiyo namwombea mwandishi wa vitabu hivyo afya njema, na mpelelezi wake majambazi wasiokwisha.