Mkalimani Aliyekiri Kosa la Neno Moja

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Bernardine Uwineza anavua buti zenye theluji mlangoni pa kliniki ya saratani katika mji wa Saint Paul. Anavaa raba laini alizozibeba kwenye mfuko wa plastiki. "Mgonjwa wa mapafu hapendi kishindo," anasema.

Ana miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Kivu. Kabla ya ukalimani alitandika vitanda vya hoteli katika mji jirani wa Bloomington miaka minne. Kutoka kwake, kitongoji cha Fridley, hupanda mabasi mawili.

Kazi yake ni kuyapeleka maneno ya daktari kwa mgonjwa na kuyarudisha ya mgonjwa, bila kupunguza wala kutia chumvi. Januari mwaka huu wa 2016, neno moja lilimponyoka.

Daktari alikuwa akimweleza mzee Eliakim Birindwa, mwenye saratani ya mapafu, habari za utafiti. Wagonjwa wote wanaendelea na dripu ya kawaida ya dawa ya saratani. Juu yake, nusu wanaongezewa kidonge kipya, nusu kidonge kisicho na dawa, na hakuna ajuaye nani kapata kipi.

Bernardine akauita utafiti huo "majaribu".

Mzee, ambaye ameridhia kisa chake kisimuliwe, aliirudisha mezani kalamu aliyopewa kusaini ridhaa. "Majaribu tena? Vita, kambi miaka kumi na saba, sasa mapafu! Mwambie dokta, Mungu amenijaribu, inatosha."

"Ningeitafsiri ile hapana nikaenda zangu," anakumbuka Bernardine. "Lakini haikuwa hapana yake. Niliitia mimi mdomoni mwake."

Akainua mkono. "Mkalimani amekosea neno," akamwambia daktari. Kisha akamgeukia mzee, akimwita baba kama wasemavyo kwao: "Papa, nilitaka kusema majaribio. Hujaribiwi wewe. Inayojaribiwa ni dawa."

"Na hicho kidonge kingine?"

"Hicho ni bubu, Papa. Hakina dawa."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Nina shemeji wa namna hiyo! Anakula kwangu, hana kazi."

Siku tatu baadaye alirudi na mkewe, Reine. Daktari akamtaka mzee aeleze alivyoelewa.

"Dripu yangu iko palepale," akasema mzee. "Kidonge huenda kikanisaidia, huenda kisinisaidie. Nikichoka, naacha, na hakuna wa kunigombeza."

Akasaini.

Picha ya mapafu itasomwa Julai, katika wiki ambayo Bernardine alipanga kwenda kwa dada yake. Ameahirisha safari, ili awe yeye wa kuyatafsiri majibu.

"Maneno ya habari mbaya nimeyazoea," anasema taratibu. "Yale ya furaha ndiyo nayafanyia mazoezi."