Yule Niliyemwacha Kwenye Chumba cha Barafu

Sikumpenda yule mwalimu tangu siku ya kwanza, na miaka yote iliyopita haijanilainisha moyo. Alitazama ushungi wangu, akatazama viatu vyangu, kisha akaniuliza kama nimepotea njia.

"Nimekuja kusoma," nikamjibu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo cha vijana Tottenham. Wasichana wetu walikuwa wamezichoka kuta za kupanda za plastiki, sasa wanataka barafu. Katikati ya London kulikuwa na jengo lenye chumba baridi kama friji ya bucha, na ndani yake ukuta mrefu wa barafu. Kundi haliingii humo bila kiongozi mwenye cheti, na kituo hakikuwa na wa kumtuma ila mimi, mzaliwa wa Unguja ninayevaa soksi za sufu hata Julai.

Tulikuwa wanafunzi wanne: Waingereza wawili, mimi, na Mhindi mmoja wa Mombasa mwenye duka la vyombo Wembley. Tukinong'ona Kiswahili, mwalimu anafoka, "Hapa Kiingereza tu!"

Kazi yenyewe aliijua, siwezi kumnyima hilo. Alitufundisha kupiga shoka, kutembea na meno ya chuma chini ya viatu, kukagua fundo la kila mtu kwa mkono. Zaidi ya yote, asiyepanda akae nyuma ya mstari mwekundu, maana kipande cha barafu kikianguka kinavunja shingo. Lakini siku niliyopiga shoka vibaya alisema, "Kwenu mnapasua nazi. Hapa tunapanda." Wale wawili wakacheka. Nililing'oa shoka, nikapiga tena.

Siku ya mtihani kila mmoja aliongoza kundi, na mwalimu akajifanya mwanafunzi. Zamu ya Mhindi, mwalimu alilegeza mkanda wake mwenyewe kiunoni kwa siri. Mhindi hakuona. Akafelishwa pale pale, mbele yetu, kwa maneno ambayo mtu mzima haambiwi.

Zamu yangu nilikagua kila fundo, na la mwalimu nililikuta limelegea nikalifunga upya. Mhindi akaanza kupanda, Mwingereza mmoja akamshikia kamba. Alipofika katikati, mwalimu akavuka mstari akasimama chini yake.

"Rudi nyuma ya mstari," nikamwambia.

"Sitaki. Mimi ni mwanafunzi mkaidi. Utafanya nini?"

Nikampigia kelele Mhindi asipige shoka tena, nikaamuru ateremshwe polepole. Akatua salama. Mwalimu bado amesimama pale pale, mikono kifuani, anatabasamu. Nilimwambia mara ya pili, na ya tatu. Kisha nikawageukia wenzangu: "Tokeni nje, nyote." Tukatoka. Nikasimama nyuma ya kioo cha mlango, namtazama.

Alitoka baadaye, pua nyekundu. "Umefeli. Umemtelekeza mwanafunzi."

"Juu yako hapakuwa na mtu, mlango haukufungwa, na macho yangu hayakukutoka. Nimekutelekeza vipi?"

Mhindi akanivuta mkono. "Dada, achana naye, twende zetu."

"Nenda wewe, kaka. Mimi siondoki."

Nilipanda ofisini na koti langu limelowa, nikaandika malalamiko. Mwalimu akaitwa. Akasema watu kama mimi hawakuumbiwa kazi hii. Meneja, mwanamke wa maneno machache, alimuuliza jambo moja tu: "Aliyekuwa juu aliteremshwa kabla hawajatoka?"

"Ndiyo," akasema, kama anayetema.

Wiki iliyofuata nilitahiniwa na mtu mwingine, nikafaulu. Mhindi hakurudi. Nilipompigia simu alisema heri auze sufuria kuliko kutukanwa, na hilo linanichoma hadi leo kuliko ule mzaha wa nazi.

Wasichana niliwapeleka kwa majira mawili ya baridi, wala hakuna aliyeumia. Mwalimu nilikutana naye ukumbini mara nyingi. Hatukusalimiana. Siku moja alinishikia mlango wazi nipite. Nilisimama mpaka alipouachia ukajifunga, kisha nikaufungua mwenyewe.