Fungate na Maneno ya Kiyunani

Kiyunani nilijifunza nikiwa nimepakwa singo, ule msuguo wa kunukia wa bibi harusi, kuanzia shingoni mpaka nyayoni, nimeketishwa mkekani na leso moja tu mwilini, huku bibi mmoja akinisugua mgongo kama anayesugua sufuria ya wali ulioungua. Wengine hukisomea vyuo vikuu, wakiwa wamevaa viatu. Mimi sikubahatika. Ilikuwa miaka ya tisini, Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba yetu ya ghorofa moja kule Kuze, na mwili wangu ulinukia liwa, karafuu na mawaridi hata paka wa jirani akaacha kupita dirishani kwetu.

Mambo mawili yalikuwa yamegongana. La kwanza ni harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mchumba nilimtaka mwenyewe, naye alikuwa akifanya kazi Arabuni, kwa hivyo siku ya harusi haikuchaguliwa na wazee wala na mwezi mwandamo. Ilichaguliwa na tajiri wake aliyempa likizo. La pili ni chuo cha uuguzi. Nilikuwa nimeshaomba nikakataliwa, nikaomba tena nikakataliwa tena. Mara hii wakaniita kwenye mtihani wa mdomo, na siku waliyoniita ikaangukia katikati ya fungate.

Sasa fungate si mchezo. Ni zile siku saba baada ya harusi ambazo maharusi hukaa kwao mke, wakalishwa, wakafukizwa udi, na bibi harusi hatoi hata ukucha nje ya mlango. Akionekana njiani, Mji wa Kale una maelezo mawili tu: ama amekimbia, ama amerudishwa. Na mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa mwanamke wa kuchunga heshima. Alitembea kama aliyebeba trei ya vikombe kichwani, na akikutazama unajikagua vifungo. Nilimwogopa, sisemi uongo. Lakini uuguzi niliutaka tangu nikiwa mdogo, na nilijua sitapata kuomba mara ya nne.

Aliyekuwa akinisugua ni somo yangu, yaani yule bibi anayemfunda mwali na kumsimamia mpaka fungate iishe. Alikuwa shangazi yake babangu, mtunzi wa nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake huimba harusini huku wakigonga pembe. Kazi yake hiyo ilimfanya awe na sikio baya. Mizani ya wimbo ikizidi silabi moja, alikunja uso kama aliyetafuna changarawe.

Mwalimu wangu alikuwa mpangaji wetu wa juu, nesi wa kutoka bara, Mkristo, aliyekwenda kanisani kila Jumapili na kurudi moja kwa moja kwenye biriani yetu. Yeye ndiye aliyeniambia mtihani wenyewe ukoje.

"Watakutajia majina ya magonjwa kwa Kiingereza," alisema, amekaa mlangoni na kitabu, maana somo alimkataza kukanyaga mkeka. "Lakini si Kiingereza. Ni Kiyunani kilichovaa suruali ya Kizungu. Unalikata neno silabi kwa silabi, halafu unasema mizizi yake ni nini."

"Wayunani ndio kina nani?" somo akauliza.

"Watu wa zamani, Bibi. Walikuwa na madaktari."

"Na sasa wako wapi?"

"Wapo, lakini hawa wa maneno haya wamekufa."

"Na madaktari wote hao," somo akasema, akaendelea kunisugua.

Tukaanza. *Derma* ni ngozi, *nephros* ni figo, *kardia* ni moyo, *rhinos* ni pua. Ukitia *itis* mwishoni, sehemu hiyo inawaka moto. Nesi akasoma, "Rhi-ni-tis." Somo akapiga paja lake mara tatu, akaridhika. Akataka kujua ugonjwa gani huo wenye jina la kifalme hivyo.

"Ni mafua, Bibi."

"Mafua? Haya makamasi?"

"Ndiyo. Lakini ukisema mafua hulipwi mshahara."

Basi somo akanogewa. Kuanzia siku ile hakunisugua bila neno. Derma akaitamkia mgongoni kwangu, kardia kifuani, na nephros akaniminya mbavuni mpaka nikaruka. Kila silabi na kofi lake. Nilikuwa naingia ndoani nikiwa na alama nyekundu za elimu mwili mzima. Mamangu alipita na kopo la maji, akasimama, akasikia neno la kuhara likikatwa vipande vinne juu ya bibi harusi, akasema, "Mtihani huu ukipita nitachinja kuku," akaenda zake.

Ugomvi ulizuka tulipofika kwenye elimu ya moyo. Nesi alisoma, "Car-di-ol-o-gy." Somo akamsimamisha.

"Umesema moyo ni kardia."

"Ndiyo, Bibi."

"Na hiyo nyingine ni logia, elimu."

"Ndiyo."

"Sasa mbona umekata katikati ya elimu? Hiyo *ol* yatoka wapi?"

Nesi akamweleza kwamba Wazungu hawakati kwenye kiungo, hukata pale ulimi unapopumzika. Somo akamtazama kwa huruma. Akasema hata mchinjaji wa sokoni Marikiti, pamoja na wizi wake wote, hulifuata fundo la mfupa. Sisi Waswahili silabi zetu tumeziacha mdomo wazi, ba, be, bi, kila mtu anajua pa kukata. Wale wanaifunga silabi na konsonanti kama mtu anayefunga duka adhuhuri. Nikamwambia, "Somo, mimi sitaki kuwarekebisha. Nataka wanichukue." Akanipiga kofi la mgongo, akasema haya, tukate vibaya kama wenyewe. Tukakata vibaya mpaka siku ya harusi.

Harusi ikapita, nikapambwa, nikaonyeshwa, nikalia inavyotakiwa. Fungate ikaanza. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, na bado ni mtu mzuri, lakini Mungu alipokuwa akigawa ushujaa yeye alikuwa msalani. Asubuhi moja, tunakula mahamri na mbaazi, nikamwambia, "Kesho ndiyo kesho. Nataka kwenda kwenye mtihani wangu."

Akatafuna kwa muda mrefu. Mahamri yale yalikuwa laini, hayakuhitaji kutafunwa vile.

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini muulize mama."

"Nimeoa mamako?"

"Hukuoa, umeolewa," akasema, akachukua hamri jingine.

Kumuuliza mamake sikuthubutu. Nikaenda chumba cha nyuma nikalia kilio ambacho hakikuwa cha desturi. Sikuwa nalilia ugumu wa fungate, nililia kwamba kesho saa nne kuna mtu atalisoma jina langu, aone kiti kitupu, aendelee na jina jingine. Somo akanikuta hapo. Hakunibembeleza, hilo hakuwa nalo. Alikaa, akatafuna tambuu yake, halafu akaniuliza kama namjua nyanyake. Nikamwambia nyanyake alikufa hata babangu hajazaliwa.

"Alikuwa akitembea na shiraa," akasema. "Wajua shiraa? Wanawake wa nyumba kubwa zamani hawakutembea njiani hivi hivi. Walishikiwa hema la nguo, nguzo huku na huku, wao wakatembea ndani. Akenda akirudi, ukiuliza, waambiwa hakutoka. Na kweli hakutoka. Alihama na nyumba yake."

Nikaacha kulia.

Kesho yake mume wangu aliamka akajikuta amefunikwa na chandarua usoni kama samaki. Fito nne za chandarua cha kitanda cha harusi zilikuwa zimekwenda. Ziko uani, somo ameshazishonea leso pande zote, leso zangu mpya za harusi, majina yakitazama nje. Iliyokuwa mbele iliandikwa WASEMAO NA WASEME, SISI TUMO NDANI. Mama alishika fito moja, binamu zangu wawili wakashika mbili, na ya nne akaishika nesi, ambaye zamu yake hospitali ilikuwa ya mchana. Mimi nikaingia katikati na buibui yangu, somo ubavuni pangu na chetezo cha udi, maana alisema nyumba isiyo na udi haina mwali. Tukatoka.

Kutoka Kuze mpaka chuoni, nyuma ya Mwembe Tayari, si mbali kwa mtu mwenye miguu miwili. Kwa nyumba yenye miguu kumi na miwili ni safari. Kichochoroni tulikwama kwenye baraza ya watu, ikabidi nyumba ipinduliwe ubavu. Wazee wa barazani wakavuta miguu, wakasema sabalkheri. Somo akaitika kutoka ndani. Hakuna aliyeuliza kitu, maana kuuliza ni utovu wa adabu, ila nilisikia vikombe vya kahawa vimenyamaza.

Balaa lilikuwa Marikiti. Wachukuzi waliona nguo imeinuliwa juu ya nguzo nne, inapita polepole, moshi wa udi unafuka. Mtu wa Mombasa akiona vile hahitaji kuelezwa. Ni jeneza la mwanamke. Nikasikia magunia yakitua chini, mikokoteni ikiachwa, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun" kutoka kila upande, na watu wakikimbilia kushika, maana kulibeba jeneza hata hatua chache ni thawabu na Marikiti thawabu huwa adimu. Mchukuzi mmoja alikwishamnyang'anya binamu yangu fito. Kisha akatazama vizuri.

"Jeneza gani hili lachukuliwa na wanawake?" akauliza.

"Si jeneza," somo akasema kutoka ndani.

Yule mtu akarudi nyuma hatua mbili. Maiti kumjibu hakutarajia.

"Ni mwali," somo akaendelea, sauti ileile ya kununulia vitunguu. "Yuko fungate. Ana mtihani saa nne, na nyinyi mwamchelewesha."

Halafu yule mchukuzi akapaza sauti, ile sauti yao ya kupitisha mkokoteni, "Njia! Njia! Mwali apita!" na soko lote likagawanyika, matikiti huku, machungwa huku. Mtu mmoja akatutupia embe kwa juu. Nilicheka ndani ya nyumba yangu mpaka wanja ukaniingia machoni.

Chuoni, askari wa lango akasema mahema hayaruhusiwi. Somo hakubishana. Aliisogeza nyumba ikaegemea lango kabisa, pasibaki ufa wa watu wa njiani kuonea, akanisukuma nikatokea upande wa pili.

"Wewe nenda," akasema. "Sisi hatuivunji. Nyumba ikisimama, mwali yumo."

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza, feni mbovu yenye kukoroma na mtahini mmoja mwenye tai. Nilinukia kama duka zima la manukato. Aliitazama mikono yangu iliyojaa hina na piko, akatazama karatasi yake, akatamka neno moja kwa Kiingereza cha puani. Lilikuwa refu kama gari moshi. Kwa muda sikusikia kitu kichwani ila feni. Kisha mkono wangu wenyewe ukaanza kugonga paja, chini ya meza.

"Gas. Tro. En. Ter. I. Tis," nikasema. "Gaster, tumbo. Enteron, utumbo. Itis, unawaka moto."

Akanitajia figo, nikazikata. Akanitajia moyo, nikaukata vibaya kama wenyewe. Paja langu lilikuwa linauma. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Umeolewa lini?"

"Juzi, bwana."

"Mimi nimekaa na watu wa hapa miaka mingi. Juzi si mko ndani?"

"Nimo ndani, bwana. Sijatoka."

Akanitazama sana. Hakuwa mtu wa kucheka, lakini masharubu yalitikisika. Akaniambia masomo yanaanza baada ya mwezi mmoja na nije bila udi, kwa ajili ya wagonjwa wenye pumu.

Nilishuka ngazi nusu nakimbia. Nilitaka kumpigia kelele somo, mama, nesi, hata yule askari. Nikafika langoni nikachungulia ndani ya leso. Somo alikuwa amekaa chini kwenye kanga yake, peke yake, anaitikia salamu za wapita njia. "Mwali hajambo. Amelala." Jua lilikuwa limepanda utosini na nyumba tupu ilikuwa bado imesimama, haijainama hata upande mmoja. Mama alikuwa kwenye fito yake, jasho linamtiririka. Binamu zangu kwenye zao, wamenuna.

Kwenye fito ya nne nesi hakuwapo. Zamu yake ilikuwa imefika, amekwenda kazini. Aliyeishika, mikono miwili, buibui imemteleza begani na hana mkono wa kuirudisha, alikuwa mavyaa wangu. Miguuni pake palikuwa na sinia limefunikwa kawa. Alikuwa ametuletea chakula cha mchana nyumbani kama desturi, akamkuta mwanawe peke yake amekaa na chandarua, akamuuliza mkeo yuko wapi, naye kwa mara ya kwanza hakumwogopa, akasema kweli. Akalibeba sinia lake, akazifuata habari zetu kwa wachukuzi wa Marikiti, mpaka hapa.

Kardia yangu ilisimama. Sikujua nimsalimie au nimwombe radhi. Sikuweza kujua amesimama pale muda gani.

Alinitazama kwa juu ya leso, usoni, kisha mikononi.

"Wamekuchukua?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Maneno yote ya Kiyunani yalikuwa yamenitoka, na ya Kiswahili pia.

"Basi ingia ndani, mwanangu," akasema. "Wali wapoa."