Kilo za Rangi

Fundi redio alikuwa bingwa wa kufufua redio za watu, lakini ndege yake mwenyewe, ndege ya kivita ya rimoti aliyoiunda kwa mbao nyepesi, ilikataa katakata kuacha ardhi. Kila ilipojaribiwa ilikimbia uwanjani ikinguruma kama inakwenda vitani kweli, kisha ikaishia kwenye nyasi.

Haraka yote ilikuwa ya macho ya dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki. Daktari alishasema macho hayo yanazimika, na dada alitaka kitu kimoja tu, kuiona ndege ile angani. Ndiye aliyeipaka rangi nyekundu. Kwa kuwa hakuona vizuri mahali alipokwisha kupaka, alirudia. Akarudia tena, na fundi hakuwa na moyo wa kumkataza.

Fundi aliufunga mkia kwenye mizani ya kuning'iniza, akawasha injini. Ilivuta kilo mbili. Ndege yenyewe ilikuwa na kilo tano! Ndege ya kivita ina mabawa mafupi, isipovutwa kwa nguvu inaanguka, na injini kubwa nayo ingekuja na uzito wake. Basi akang'oa mabomu ya mbao, akamng'oa rubani wa mbao, hata magurudumu. Wapi!

"Bado tu?" dada aliuliza kutoka chumbani.

"Kesho, dada."

"Kesho zako hizo, mdogo wangu, zitanikuta gizani."

Maneno yale yalimchoma. Uzito uliobaki wa kutoa ulikuwa wa rangi tu. Dada aliposinzia, fundi alichukua msasa. Liwalo na liwe. Aliikwangua rangi yote huku akilia, vumbi jekundu likimjaa kwenye kucha, akijiona msaliti. Ndege ikabaki mbao tupu.

Asubuhi alimshika dada mkono mpaka uwanjani, akairusha ndege kwa mkono. Ilishuka, ikakaribia kugusa nyasi. Kisha ikapanda.

"Naiona!" dada alipiga kelele. "Tazama wekundu wake unavyong'aa!"

Fundi aligeuka kumtazama. Ndege ilikuwa imeshapinda, iko nyuma yao. Dada alikuwa amelikodolea jua macho, wala hapepesi.

"Unang'aa, dada," alisema, akaendelea kuizungusha mpaka mafuta yakaisha.